Tangi, Katomaiza na Uraibu: Tukijue Kilichomo Ndani ya Sigara ya Umeme



Zamani, mzee aliyetaka kujua kama kijana wake anavuta sigara alikuwa na mashahidi watatu: harufu ya nguo, rangi ya vidole, na kibiriti mfukoni. Leo mashahidi hao hawapo tena. Chombo kinachotumika sasa hakina kibiriti wala jivu. Harufu yake ni ya embe, ya nanaa au ya tikiti maji, na umbo lake ni la kalamu au la flashi ya kompyuta. Mama hukikuta mfukoni mwa dishdasha anapofua, akadhani ni kifaa cha simu, akakirejesha kwa upole juu ya meza ya mwanawe.

Chombo hicho ni sigara ya umeme, ambayo vijana wetu wanaiita vepu. Barazani hapa Qurayyat wazee huuliza kama kina madhara. Vijana nao huulizana ni tangi lipi na koili ipi iliyo bora. Maswali hayo mawili hayaachani, kwani sehemu kubwa ya madhara ya chombo hiki hutegemea tangi lake na kilichotiwa ndani. Kwa hiyo tumeona ni wajibu kulieleza jambo hili, tangu namna chombo kinavyofanya kazi hadi sheria ya nchi tunayoishi, ili mzazi asizungumze na mwanawe kwa kubahatisha, na kijana asitegemee ushauri wa muuzaji peke yake.

KANDILI ILIYOTIWA UMEME

Fikra ya sigara isiyowaka moto si mpya. Mmarekani Herbert Gilbert alipata hataza ya chombo cha namna hiyo mwaka 1965, lakini hakikuingia sokoni. Aliyekifanikisha ni mfamasia wa Kichina, Hon Lik, mwaka 2003. Yeye mwenyewe alikuwa mvutaji, na baba yake alifariki kwa saratani ya mapafu. Nia yake ilikuwa kutafuta njia ya kupata nikotini bila ya moshi.

Aliyekulia na kandili au koroboi hatapata tabu kukifahamu chombo hiki. Kandili ina tangi la mafuta, ina utambi unaonyonya mafuta, na ina moto juu ya utambi. Sigara ya umeme nayo ina tangi la majimaji, na ina utambi, mara nyingi wa pamba. Pahala pa moto pana waya mwembamba uliosokotwa, unaoitwa koili, ambao hupashwa na betri. Mvutaji anapovuta, koili hupata moto, majimaji yaliyo katika utambi hugeuka kuwa ukungu, na ukungu huo huingia mapafuni.

Majimaji yenyewe yana vitu vinne: propileni glikoli, gliserini, ladha, na nikotini. Propileni glikoli huchemka kwenye nyuzi 188 za Selsiasi, na gliserini kwenye nyuzi 290. Ncha ya sigara ya kawaida inapovutwa hufikia nyuzi 900 au karibu yake. Hapo ndipo penye tofauti kubwa baina ya vitu viwili hivi. Tumbaku inayoungua hutoa lami na hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi. Majimaji yanayopashwa bila ya kuungua hayatoi lami, na sumu zake nyingine kwa kawaida ni chache zaidi. Lakini wanaosema kuwa ni mvuke wa maji tu, hao hawakusema kweli. Ni ukungu wa matone madogo mno yenye nikotini, kemikali za ladha, na mara nyingine chembe za madini kama vile nikeli, kromiamu na risasi zitokazo katika waya na viungo vya chombo.

KUTOKA KATOMAIZA HADI TANGI

Vyombo vya mwanzo vilikuwa na vipande vitatu: betri, kipashio kilichoitwa atomaiza, na kifuko cha majimaji kilichojazwa nyuzi mfano wa sufi ya mto. Vilivuja, na kila baada ya muda mfupi vilitaka kutiwa tena. Ilipokaribia mwaka 2010, watengenezaji waliunganisha kifuko na kipashio ndani ya mrija mmoja, wakauita katomaiza. Koili ilikaa katikati, nyuzi zilizoloa zikaizunguka.

Katomaiza ilikuwa rahisi kutumia, lakini ilikuwa na aibu moja: haionyeshi kilichomo. Mvutaji hakujua kuwa majimaji yamekwisha mpaka alipoonja ladha ya kuungua, na kwa wakati huo alikwisha kuvuta nyuzi zilizobabuka. Ndipo watu wakatoboa tundu ubavuni mwa katomaiza na kuitia ndani ya tangi la kioo au la plastiki, ili ijinyonyee majimaji wenyewe. Baadaye zikaondolewa nyuzi kabisa, ukabaki utambi uliozama katika tangi linaloonyesha ndani. Kisha koili ikashushwa chini ya tangi, kwa sababu utambi wa juu ulikuwa ukikauka majimaji yanapopungua. Hatimaye koili ikawa ni kipande cha kubadilishwa peke yake.

Ilipofika mwaka 2015, Marekani ilitokea sigara ya Juul, yenye kibweta kidogo cha kupachika. Ndani yake nikotini ilifanywa kuwa chumvi kwa kuchanganywa na asidi, jambo linalopunguza ukali kooni. Kibweta kilikuwa na mililita 0.7 tu, lakini kila mililita ilikuwa na miligramu 59 za nikotini. Kwa hesabu, miligramu 41 katika kijisanduku kidogo. Kisha vikaja vyombo vya kutupa, ambavyo havijazwi wala havifunguliwi.

Msomaji azingatie jambo hili. Ukikivunja chombo cha kutupa cha leo utakuta koili, pamba au sifongo iliyoloa, na mrija uliofungwa pande zote. Hiyo ni katomaiza ile ile iliyokwisha kuachwa, imerejea kwa rangi nzuri zaidi na, mara nyingi, kwa nikotini nyingi zaidi. Mvutaji haoni kilichomo, habadilishi koili, na hana njia ya kupunguza kipimo chake pole pole.

MAMBO MANNE YA KUPIMA

Wako ndugu zetu wanaoishi Uingereza na nchi nyingine ambako biashara hii ni halali, tena walikuwa wavutaji wa sigara kwa miaka mingi, wakaingia katika sigara ya umeme kwa nia ya kutoka katika tumbaku. Watu hao wanastahiki kuambiwa kwa uwazi tofauti ya tangi na tangi.

Kwanza ni nikotini. Tangu mwaka 2016 Umoja wa Ulaya uliweka mpaka: tangi lisizidi mililita 2, chupa isizidi mililita 10, na nikotini isizidi miligramu 20 kwa kila mililita. Uingereza inafuata mipaka hiyo hiyo. Mwenye nia ya kuacha huanza na kipimo kinachomtosha asirudi kwenye sigara, kisha hushuka daraja kwa daraja mpaka afike sifuri. Tangi la kujaza humwezesha kufanya hivyo. Chombo cha kutupa hakimwezeshi. Aidha Uingereza imepiga marufuku uuzaji wa vyombo vya kutupa tangu tarehe 1 Juni 2025.

Pili ni koili na nguvu zake. Ukinzani wa koili hupimwa kwa omu. Betri ya volti 3.7 ikipasha koili ya omu 1.8, nguvu yake ni wati 7 na nusu hivi. Ikipasha koili ya omu 0.5, nguvu hupanda hadi wati 27. Kadiri omu zinavyopungua, ndivyo moto, ukungu na matumizi ya majimaji yanavyozidi. Vijana hushindania mawingu makubwa, wala hawakumbuki kuwa wingu kubwa ni majimaji mengi zaidi yaliyopita mapafuni. Anayetaka kuacha hana haja na mawingu.

Tatu ni utambi usikauke. Utambi mkavu juu ya koili ya moto huunguza majimaji na kutoa kemikali kali kama vile fomaldehaidi, ambayo ni miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani. Ndiyo maana tangi linaloonyesha ndani ni afadhali kuliko mrija uliofungwa, na koili iliyoanza kutoa ladha ya kuungua haina dawa ila kubadilishwa.

Nne ni kitu kilichotengenezea tangi. Baadhi ya ladha, khasa za mdalasini na za jamii ya ndimu, hupasua plastiki za namna fulani. Kioo na chuma kisichoshika kutu huvumilia zaidi.

Hayo yote ni kupunguza shari, si kuipata kheri. Tangi bora kuliko yote duniani halimfaidii chochote mtu ambaye hakuwa mvutaji.

MADAKTARI WANASEMAJE?

Madaktari wa Uingereza wanaona kuwa mvutaji aliyeiacha sigara kabisa na kushika ya umeme amepunguza madhara yake. Wataalamu wa Cochrane waliokusanya majaribio mengi wameona kuwa sigara za umeme zenye nikotini huwasaidia watu kuacha kuvuta kuliko plasta na ubani wa kutafuna wenye nikotini. Shirika la Afya Duniani kwa upande wake linatahadharisha sana, kwa kuwa vyombo hivi vimewaingiza katika nikotini watoto ambao hawakuwahi kuvuta. Kauli hizi hazipingani kama zinavyodhaniwa. Moja inamtazama mzee wa miaka hamsini aliyevuta pakiti moja kwa siku. Nyingine inamtazama kijana wa miaka kumi na tano mwenye mapafu safi. Muuzaji huchukua kauli ya kwanza na kumwambia wa pili.

Tena mwenye kuchanganya vyote viwili, asubuhi vepu na jioni sigara, faida yake ni ndogo mno. Huyo ameongeza uraibu, hakuupunguza.

Wazee wetu wa pwani walilitumia neno uraibu kwa tambuu, popoo, chokaa na tumbaku vilivyotafunwa pamoja, na baadaye likawa jina la kila kitu kilichomshika mtu hata hawezi kukaa bila yake. Nikotini ndiyo inayoshika, na ubongo wa kijana, ambao haujakomaa mpaka miaka ishirini na kitu, hushikwa upesi zaidi. Dalili zake ni kukosa utulivu darasani, ghadhabu asubuhi, usingizi wa mang'amung'amu, na kutoka toka nje ya chumba kila baada ya nusu saa.

SHERIA YA OMAN

Hapa Oman uuzaji wa sigara za umeme na shisha za umeme ulipigwa marufuku kwa amri nambari 698 ya mwaka 2015 ya Mamlaka ya Kumlinda Mtumiaji. Mwaka 2023 ikatoka amri nambari 756, iliyokataza kuzitia mkononi mwa watu kibiashara, pamoja na vifaa vinavyoambatana nazo. Faini yake ni Riyali 1,000, na huongezwa mara mbili kwa mwenye kurejea kosa. Kijana anayewaletea marafiki zake vibweta vitano kutoka safarini kwa bei ya kirafiki, ajue kuwa anaitwa mfanya biashara.

Jirani zetu wa Imarati waliruhusu biashara hii mwaka 2019 chini ya masharti ya ubora, na hapo ndipo penye mtihani. Dubai ni mwendo wa saa chache kwa gari, na kinachouzwa wazi huko hudhaniwa kuwa ni halali kuvushwa huku. Mpaka ni mpaka. Na tunaposafiri kuwatembelea jamaa tuwe macho vile vile: Uganda ilipiga marufuku sigara za umeme kwa sheria yake ya tumbaku ya mwaka 2015, na Singapore tangu mwaka 2018 humtia hatiani hata mwenye kuimiliki tu.

Lakini liko jambo zito kuliko faini. Tumeeleza juu namna ya kupima tangi, koili na nikotini. Vipimo vyote hivyo vina maana pale tu ambapo yupo anayedhamini kuwa kilichoandikwa nje ndicho kilichomo ndani. Kinachouzwa kwa siri hakina mdhamini. Hajulikani aliyekijaza, wala alichokitia.

Wamarekani walijifunza hayo kwa msiba. Mwaka 2019 watu walianza kulazwa hospitalini kwa maradhi ya mapafu ya ghafla, na hadi Februari 2020 walikwisha kuhesabiwa wagonjwa 2,807 na vifo 68. Wengi wao walivuta majimaji yenye kiini cha bangi waliyoyapata mitaani, yaliyozidishwa kwa asetati ya vitamini E. Kitu hicho kinatumika katika vidonge na mafuta ya ngozi bila ya tatizo, lakini kinapovutwa huharibu mapafu. Mnunuzi wa mafichoni hachagui tangi. Amekwisha kuchaguliwa na mtu asiyemjua.

USALAMA WA NYUMBA

Hata ikiwa hakuna mvutaji nyumbani, wageni huja. Chupa ya mililita 10 yenye kipimo cha Ulaya cha miligramu 20 ina miligramu 200 za nikotini, na harufu yake ni ya peremende. Mwezi wa Disemba 2014 mtoto wa mwaka mmoja alifariki katika jimbo la New York baada ya kumeza majimaji ya nikotini, na baadaye sheria ya Marekani ikalazimisha vifuniko visivyofunguka kwa urahisi na watoto. Mtoto akimeza, au majimaji yakimmwagikia mwilini, mvueni nguo zilizoloa, mwosheni ngozi kwa maji mengi, msimlazimishe kutapika, na mkimbizeni Hospitali ya Qurayyat au pigeni simu 9999. Chukueni na chupa yenyewe mwende nayo.

Betri nazo zina khatari yake. Betri iliyo huru ikigusana na funguo au sarafu mfukoni huweza kulipuka. Katika ndege vyombo hivi haviruhusiwi ndani ya mizigo inayopakiwa chini, kwa sababu ya moto.

NJIA YA KUTOKA

Mzazi aliyekiona chombo asianze kwa kelele. Amwite kijana faraghani, akiweke mbele yake, aseme: "Mwanangu, nimekiona hiki na ninakijua ni nini. Nataka kujua umeanza lini na unavuta mara ngapi." Kijana akiona kuwa baba yake anaijua koili na nikotini, hatapata nafasi ya kumwambia kuwa ni mvuke wa maji. Na akiona kuwa hakuja kumfedhehi mbele ya ndugu zake, huenda akasema kweli.

Baada ya hapo, mpelekeni kwa daktari. Ziko plasta za nikotini, ubani wa kutafuna wenye nikotini, na dawa nyingine ambazo daktari huzipima kwa umri na hali ya mtu. Siku chache za mwanzo ndizo ngumu zaidi: kichwa huuma, hasira huwa karibu, usingizi huruka. Kwa watu wengi dhiki hiyo hupungua sana ndani ya wiki mbili hadi nne. Siku hizo nyumba nzima imvumilie, kama inavyomvumilia mgonjwa wa homa.

Mwezi wa Ramadhani nao ni mlango mpana. Wanavyuoni wanasema kuwa kuvuta ukungu huu kunafunguza, kama kunavyofunguza kuvuta sigara. Basi mvutaji Muislamu aliyefunga tangu alfajiri hadi magharibi amekwisha kujithibitishia mwenyewe kuwa saa zote hizo anaziweza. Zilizobaki ni chache kuliko hizo, na baadhi yake amelala.

Ama nyinyi vijana mnaoulizana ni tangi lipi lililo bora, jawabu letu ni hili. Kwa mzee aliyeko London anayetoka katika tumbaku, ni lile la kioo, lenye koili ya nguvu ndogo, na nikotini inayoshuka kila baada ya muda. Kwenu nyinyi wa Qurayyat, mnaokimbia ufukweni alasiri na kuvuta pumzi za bahari bila ya kukohoa, halijatengenezwa bado.

Wabillahi tawfiq.